Mungu Si Ofisi ya Kesi

"Kaka, mtu akikula siku ya mfungo, kesi ya nyumbani kwao inaweza kukatwa?"

Aliyeniuliza hivyo ni mtoto wa miaka tisa, hapa hapa Nyarugusu, jioni moja baada ya mpira. Wenzake walikuwa wamekwenda bombani kuteka maji. Yeye alibaki, anachora chini kwa kijiti. Nikafikiri ni maswali ya watoto tu, nikataka kucheka. Nilipomwangalia usoni, kicheko kikaniisha.

Habari yenyewe ni hii. Familia yake ilikuwa imepita intaviu zote za kwenda Marekani. Walikuwa wamepimwa afya, wameshauza baiskeli na vitanda. Kwenye ekodim, yaani shule ya Jumapili, mwalimu aliwaambia watoto wafunge siku moja kwa ajili ya familia zinazosubiri kusafiri. Akawaonya: mtoto mmoja akivunja mfungo, maombi ya wote yanazuiliwa njiani. Huyu mtoto alifunga mpaka saa nane mchana. Saa nane njaa ikamshinda. Akakuta kiporo cha ugali, akamega kipande, akala nyuma ya nyumba. Siku chache baadaye, Januari 2025, ikaja habari kwamba safari zote zimesimama. Mama yake alilia usiku kucha. Na mtoto, kwa hesabu aliyofundishwa, akajua ni nani aliyesababisha.

Siri hiyo alikaa nayo miezi. Miezi, jamani. Mtoto wa miaka tisa anaamka, anakwenda shuleni, anacheza mpira, anakula na ndugu zake, na moyoni anajua kwamba yeye ndiye aliyewafungia njia.

Sisi wakubwa tunajua kilichotokea. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na amri ikaanza kazi tarehe 27 ya mwezi huohuo. Watu wa nchi nyingi na kambi nyingi walifutiwa safari, wengine tiketi zao zikiwa tayari. Huo ndio ukweli. Lakini mtoto huyu hakuambiwa habari za amri. Aliambiwa habari za mfungo. Kwa hiyo akaamini kwamba ndege imezuiwa na kipande cha ugali.

Ninaandika makala hii kwa sababu hiyo. Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: katika madarasa yetu mengi ya Jumapili, watoto hawafundishwi sala ya Kikristo. Wanafundishwa namna ya kupeleka kesi. Na kesi isipofaulu, tunawaachia wao mzigo wa kosa.

Kabla mtu hajanipigia kelele, niseme jambo moja. Mimi si adui wa ekodim. Nimekulia humo. Na walimu wetu nawaheshimu. Hawalipwi, hawana chaki, hawana vitabu, wengine wamezika watoto wao wenyewe na bado kila Jumapili wanasimama mbele ya watoto wa wenzao wanawafundisha kuimba. Mwalimu aliyetangaza ule mfungo ni mama mwema, nilimwendea na tuliongea. Alitaka kuwasaidia watu waondoke. Lakini wema wa mtu hauzuii dawa mbaya isiue. Ndiyo maana sisemi habari za mtu, nasema habari za mafundisho.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu naona shida nyingine inaanzia kwenye ulimi wetu. Sisi Waprotestanti wa Kivu tunasema "kuomba". Wakatoliki wanapenda zaidi "kusali". Jirani zetu Waislamu wana maneno mawili, na kila neno lina kazi yake: swala ni ibada, dua ni kuomba haja. Sisi tumeweka vyote katika chungu kimoja: maombi. Kumshukuru Mungu ni maombi, kumlilia ni maombi, kunyamaza mbele yake ni maombi, kutaka kitu ni maombi. Huko nyumbani pengine haikuwa na madhara makubwa. Lakini hapa kambini neno "kuomba" lina kazi nyingine kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Tunaomba kibali cha kutoka kambini. Tunaomba kuongezwa kwenye kadi ya mgao mtoto aliyezaliwa. Tunaomba turubai, mvua imetoboa. Tunaomba chumvi kwa jirani. Mtoto anaona baba yake, mtu mzima mwenye mvi, amesimama kwenye mstari tangu alfajiri anaomba, na afisa anamwambia rudi kesho. Ikifika Jumapili anaambiwa: sasa tuombe. Mnafikiri mtoto atamwona nani akifumba macho? Atamwona afisa mkubwa kuliko wote, aliye nyuma ya dirisha lililo mbali kuliko yote.

Sisemi kwa kukisia. Nimesikia watoto wakiomba. Nilimsikia mmoja, wa miaka saba hivi, anaanza sala yake kwa kutaja jina lake lote, jina la baba, zoni, kijiji, klasta, halafu akasema, "Sisi ni watu sita, mmoja ni mgonjwa." Watu wazima waliokuwa pale walicheka. Mimi pia nilicheka. Baadaye usiku nikajiuliza tulicheka nini. Mtoto alifanya kile alichoona kinafanya kazi. Alimpa Mungu maelezo ya kesi. Alitaja mgonjwa kwa sababu amesikia kwamba familia yenye mgonjwa inasikilizwa mapema.

Sasa nauliza wachungaji na walimu: hiyo ndiyo sala ambayo Yesu alifundisha?

Wanafunzi wake walimwomba awafundishe kusali, kama Yohana alivyowafundisha wanafunzi wake. Iko kwenye Luka 11. Akawapa sala fupi sana, ambayo hata mtoto wa miaka mitano anaishika. Iangalieni ilivyopangwa kwenye Mathayo 6. Inaanza na Baba. Haianzi na Mkubwa wala Afisa. Kisha linakuja jina lake, ufalme wake, mapenzi yake. Ndipo kinakuja chakula, na chakula chenyewe ni cha leo. Kisha msamaha. Haja yetu imo, tena imo waziwazi, kwa sababu Yesu alijua njaa ni nini. Lakini haja imekaa katikati ya nyumba, haikuwekwa mlangoni kuwa ndiyo sababu ya kuingia. Na kabla ya kuwapa sala hiyo, katika sura hiyohiyo, aliwaonya juu ya mambo mawili: kusali ili watu wakuone, na kuongeza maneno mengi kwa kufikiri kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Akasema Baba anajua mnachohitaji kabla hamjaomba.

Sasa tuangalie sisi tunafanya nini. Siku ya watoto, tunafanya mashindano ya kuomba. Mtoto anawekwa mbele ya mikrofoni. Anayeomba kwa muda mrefu, kwa sauti kubwa, kwa kutetemeka kama mchungaji mkubwa, anapigiwa makofi, anapewa sabuni au daftari. Yule mwenye aibu, anayesema maneno matatu, anaambiwa "ongeza nguvu!" Hebu tuwe wakweli. Yesu alionya jambo moja, na sisi jambo hilohilo tumeliwekea zawadi.

Na yule mwenye aibu ana ndugu katika Biblia. Anaitwa Hana, mama wa Samweli. Alisali midomo inacheza na sauti haitoki, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Kuhani ndiye aliyekosea kusoma sala. Mungu hakukosea. Na kwenye 1 Wafalme 18, waliopiga kelele tangu asubuhi, wakaruka, wakajikata kwa visu ili wasikiwe, walikuwa manabii wa Baali. Hadithi hiyo tunawasimulia watoto kila mwaka, halafu tunawaambia wapige kelele zaidi. Watoto si wajinga. Siku moja wataona.

Lakini kelele ni jambo dogo. Zinachosha masikio tu. Kubwa ni tunachofundisha juu ya sala ambayo haikujibiwa.

Madarasa yetu si kama madarasa ya mahali pengine. Mtoto aliyekaa kwenye ule mkeka alitoka Fizi, au Uvira, au alizaliwa hapa na wazazi waliotoka huko. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Wapo watoto ambao mama zao nao walikuwa watoto hapa. Na mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoanguka mikononi mwa M23, simu za kambini zililia usiku na mchana, na watoto walisikia yote. Katika darasa moja la watoto thelathini huwezi kukosa yatima. Huwezi kukosa mtoto aliyeona kitu ambacho hata mtu mzima hakupaswa kukiona.

Sasa mwalimu anasimama kutoa ushuhuda. Anasema, "Siku ile risasi zilipita juu ya nyumba yetu kama mvua, lakini kwa sababu tulikuwa waombaji, hakuna hata mmoja wetu aliyeguswa. Bwana asifiwe!" Watoto wanaitika amina. Mimi sipingi ushuhuda wake. Mtu aliyeokoka lazima ashukuru, na akinyamaza atakuwa mwizi wa fadhila. Shida yangu iko kwenye neno "kwa sababu". Mkeka wa pili kutoka mbele amekaa mtoto ambaye baba yake aliguswa. Na yeye anasikia nini? Anasikia kwamba baba hakuomba. Au aliomba vibaya. Au mimi sikuomba. Hakuna aliyemwambia hivyo kwa mdomo. Tumemwambia kwa hesabu: wakiomba wanaokoka, hawa hawakuokoka, kwa hiyo hawakuomba. Mtoto anajua kutoa na kujumlisha.

Baba wa mtoto yule alikuwa shemasi, na aliuawa akiwa na Biblia kwenye begi. Najua kwa sababu mama yake aliniambia.

Biblia yenyewe haikubali hesabu hiyo. Kwenye Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa swali lote. Hakuchagua kati ya mtoto na wazazi. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, na hakuna aliyemwambia Paulo kwamba alikula siku ya mfungo. Na Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Aliomba mpaka jasho. Kikombe hakikuondoka. Kama sala isiyopata jibu tulilotaka ni alama ya dhambi ya mwombaji, basi niambieni Yesu alikosa nini. Mwalimu anayefundisha kwamba ombi limekataliwa kwa sababu mtoto ana kosa, aende kwanza Gethsemane akayaseme hayo huko, halafu ndipo aje ayaseme kwa watoto wetu.

Najua majibu yatakayokuja. Nimeshayasikia, acha niyashike moja moja.

La kwanza: "Unawanyima watoto tumaini. Hapa kambini wamebakiwa na nini kama si maombi?" Neno hili ni zito, silichukulii kwa mchezo. Lakini tumaini gani? Kuna tumaini la kusema Mungu yuko nasi, ndege ije au isije. Na kuna tumaini la kusema ukiomba sawasawa utapanda ndege. Hili la pili si tumaini. Ni mkopo. Siku ya kulipa ikifika na pesa hakuna, anayeshikwa ni mtoto. Nimeona vijana wa umri wangu waliofundishwa hivyo utotoni. Walifunga, walikesha, walitoa sadaka ya mwisho ya nyumbani, kesi ikakatwa, na leo hawataki kusikia jina la Mungu. Hawakumkataa Mungu. Walikataa ile ofisi waliyoambiwa ndiyo Mungu. Lakini wao hawajui tofauti, kwa sababu hatukuwaonyesha.

La pili: "Yesu mwenyewe aliahidi kwamba aombaye hupewa." Ni kweli, iko kwenye Mathayo 7. Lakini soma mbele kidogo. Anaeleza kwa mfano wa baba na mtoto: mtoto akitaka mkate, baba hampi jiwe. Mfano huo unasema habari za moyo wa baba. Hausemi habari za ufundi wa mtoto katika kuomba. Na tazama tena: ahadi ile haina masharti ya mfungo, haina kiasi cha sauti, haina sadaka ya mbegu. Hayo tumeyaongeza sisi. Kwa hiyo anayeikata ahadi ya Yesu ni nani? Ni mimi ninayesema Baba ni mwema hata jibu likichelewa, au ni yule anayesema Baba anasikia ila kwa masharti haya kumi?

La tatu: "Wewe ni kijana tu, hukusoma chuo cha Biblia." Kweli, nimemaliza sekondari, basi. Lakini yule mtoto alikuja kwangu na swali lake. Chuo cha Biblia hakikuwa karibu. Kama kuna msomi mwenye jibu bora kuliko langu, milango iko wazi, aje alitoe. Lakini amtolee yule mtoto, si mimi.

La nne linasemwa chini chini: "Bila hofu watoto hawatakuja." Hapo sina jibu refu. Kama kinacholeta watoto ni hofu, tufunge darasa, tuwaache wacheze mpira.

Sasa niwageukie ndugu zetu wa mashirika, maana najua nao wanasoma gazeti hili, na baadhi yao walikuwa wanatikisa kichwa kukubali mpaka hapa. Na nyinyi mna sehemu yenu.

Mnafanya kazi nzuri ya ulinzi wa mtoto. Mmetufundisha sisi wafanyakazi wa vijana kusikiliza, kutomlazimisha mtoto kusema, kumpeleka mahali pa msaada. Lakini mkifika mlangoni mwa kanisa mnageuka. "Dini si eneo letu," mnasema. Nawaelewa. Hamtaki kuonekana mnapendelea dhehebu, na kweli hatutaki mje mtufundishe kusali. Lakini watoto wanaokusanyika kwa hiari kila wiki, bila biskuti na bila fulana, wako wapi? Wako kwenye zile nyumba za matofali ya udongo zenye turubai juu, kwa mama ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina hata moja. Mtoto yule aliyebeba kosa la ugali hakwenda kwenye dawati lenu la malalamiko. Angelalamika nini? Kwamba Mungu amekataa kesi? Fomu yenu haina kisanduku hicho. Waiteni walimu wa ekodim. Wafundisheni yale yale mliyotufundisha sisi: jinsi ya kumtambua mtoto aliyeelemewa, maneno ya kumwambia, mahali pa kumpeleka. Na walimu wa madrasa waiteni pia.

Kuna la pili kwenu, na hili ni chungu zaidi. Watu wanakaa miaka bila kujua kesi zao zimefika wapi. Wakiuliza wanaambiwa "subiri". Ndege zikisimamishwa, tangazo linabandikwa kwa Kiswahili cha ofisini ambacho bibi hakielewi, na mtoto haambiwi kabisa. Mgao ukipungua, ni hivyo hivyo. Ukimya wenu ndio unaolisha unabii. Pale ambapo hakuna aliyeeleza, atatokea mtu wa kueleza kwamba kuna mtoto alivunja mfungo, au kuna bibi mchawi kwenye klasta. Huyo bibi na huyo mtoto ndio wanaolipa gharama ya tangazo lisiloeleweka. Elezeni mambo kwa maneno ya watu, na katika kila habari mbaya mwongezee maneno ya mtoto: hili limeamuliwa na watu wakubwa, mbali, na wewe hukulisababisha.

Basi tufanye nini? Kulaumu bila kushika jembe ni kazi rahisi. Haya ndiyo ninayopendekeza, na mengine nimeyajaribu na kikundi kidogo cha watoto chini ya mwembe.

Kwanza, mfungo wa watoto ukome. Leo. Mtoto ambaye unga wake umepunguzwa tayari anafunga bila kutangaziwa. Kumwambia aache hata hicho kidogo ili Mungu amwone ni kumtukana yeye na kumtukana Mungu. Mtu mzima anayetaka kufunga, afunge yeye.

Pili, tufundishe kulia. Zaburi zimejaa vilio. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inaishia gizani, hakuna aliyekuja mwishoni kuweka amina ya furaha, na bado imo ndani ya Biblia. Sisi watu wa Kivu tunajua kulia. Kwenye matanga, mama zetu wanamwita marehemu kwa jina, wanamuuliza kwa nini ametuacha, na hakuna anayewaambia wanyamaze kwa kukosa imani. Kwa nini tunamnyima mtoto ruhusa hiyo mbele za Mungu? Nilipowaambia watoto wanaweza kumwambia Mungu kwamba wamekasirika, walitazamana kwa woga. Kisha msichana mmoja akasema, "Mungu, nimekasirika kwa sababu ya kaka yangu." Hakuongeza kitu. Tukakaa naye kimya. Sijawahi kusikia amina nzito kama ile tuliyosema.

Tatu, tufundishe kunyamaza. Dakika moja tu. Kambi ina kelele, redio huku, kipaza sauti kule, watu wanagombana bombani. Mtoto wa hapa hajui kimya ni nini. Samweli alipoitwa usiku, Eli hakumfundisha kusema maneno mengi. Alimfundisha kusikiliza. Mara ya kwanza watoto watacheka na kufinyana. Waacheni wacheke. Mara ya tatu watatulia.

Nne, tufundishe kushukuru bila kuwalinganisha. Tusiseme "mshukuru kwa sababu wengine wamekufa". Waacheni wataje vyao wenyewe. Mmoja wetu alishukuru kwa sombe ya shangazi yake, mwingine kwa mpira wa makaratasi ambao haujapasuka. Hiyo ni sala kamili.

Tano, kuomba haja kubaki. Sisemi watoto wasimwombe Mungu ndege, au amani ya Kongo, au mafuta ya kula. Waombe. Mtoto anayemwamini baba yake anamwambia anachotaka. Ila tuwafundishe kuomba kama Yesu alivyoomba usiku ule: nataka hivi, lakini wewe ni Baba, nabaki kwako hata isipokuwa. Na mwalimu asiahidi kwa niaba ya Mungu kitu ambacho yeye mwenyewe hana uwezo wa kukitoa.

Sita, mtoto akisema neno lolote linaloonyesha kwamba anajilaumu kwa kifo, kwa kesi, kwa mgao, kwa ugonjwa, somo lisimame. Wimbo usubiri. Aya ya kukariri isubiri. Yule mtoto ndiye somo la siku hiyo.

Watu wanasahau shule ya Jumapili ilivyoanza. Robert Raikes, mwenye gazeti katika mji wa Gloucester huko Uingereza, aliianzisha mwaka 1780 kwa ajili ya watoto maskini waliofanya kazi siku sita za juma. Siku pekee waliyokuwa nayo ilikuwa Jumapili, akawatafutia walimu wa kuwafundisha kusoma. Ilianza kwa kumwondolea mtoto mzigo, haikuanza kwa kumwongezea. Sisi watoto wetu wanabeba maji, wanabeba kuni, wanabeba wadogo zao mgongoni. Jumapili isiwe siku ya kubebeshwa na kesi ya familia nzima.

Mnataka kujua nilimjibu nini yule mtoto.

Nilikaa chini naye. Nikamwambia kuna karatasi ilisainiwa na mtu mzima, mbali sana, ng'ambo ya bahari, na mtu huyo hamjui yeye wala ugali wake. Nikamwambia watu wa kambi nyingine, ambao hawajawahi kusikia ekodim yetu, nao walizuiwa siku ileile. Alifikiri kwanza. Akauliza, "Na Mungu je, hakukasirika?"

Nikamwambia, "Mungu alijua una njaa."

Alikitupa kile kijiti. Hakucheka, hakuruka, mambo hayaishi namna hiyo. Lakini tulipokuwa tunarudi aliniambia nimsindikize mpaka nyumbani, anataka kumwambia mama yake. Nikamsindikiza. Mama alipopata habari alimvuta, akamkumbatia, akashindwa kusema. Hakujua. Miezi yote ile alikuwa analia kwa ajili ya ndege, na mtoto amelala pembeni yake anasikia kila kilio kama hukumu.

Walimu wangu wa ekodim, mama zangu na dada zangu, hamjui ni wangapi kwenye mkeka wenu wana siri ya namna hii. Mimi pia sijui. Kwa hiyo Jumapili ijayo, kabla hamjasema "tufumbe macho", waambieni watoto wote maneno matatu: si kosa lako. Wayarudie kama wanavyorudia aya ya kukariri. Halafu ndipo msali.